Neno, Tafsiri na Msiba: Usasaleo na Teolojia ya Kikristo Vikitazamwa Kutoka Mtongwe

Aghalabu falsafa ya usasaleo huchukuliwa kuwa hasimu wa teolojia ya Kikristo. Jean-François Lyotard aliieleza hali ya usasaleo mwaka 1979 kuwa ni kutoyaamini masimulizi makuu. Jacques Derrida naye aliupinga ukuu wa logosi katika fikra za Magharibi. Ikiwa hakuna simulizi moja linalotawala mengine, wala neno lenye maana isiyoyumba, Injili itasimama wapi? Makala hii inadai kwamba swali hilo lilikwisha kufika pwani ya Mombasa kabla ya wanafalsafa hao kuzaliwa.

Tuanze na mwaka 1844. Johann Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyetumwa na Church Missionary Society, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa. Aliyemsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hili si dogo. Msamiati wa dini ambao Krapf aliukuta ulikuwa umelelewa na Uislamu kwa karne nyingi. Roho, dhambi, malaika, nabii, hata Injili, ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu; na Mungu, neno la Kibantu, lilikuwa likitamkwa na Mwislamu wa pwani kabla ya Mkristo. Mdenguzi ataona hapa ithibati kwamba hakuna matini yenye asili safi. Naam, lakini mwanateolojia hana sababu ya kufadhaika. Dini inayofundisha kwamba Neno lilitwaa mwili haiwezi kushangaa linapotwaa lugha iliyokwisha kutumiwa na wengine.

Hata hivyo, udenguzi una mpaka wake, na mpaka huo tunauona Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka katika kivuko cha Mtongwe, na watu 272 wakafa maji. Msiba uliingia katika nyumba za Waislamu na za Wakristo. Mbele ya mfiwa, simulizi kuu linaloharakisha kueleza makusudi ya Mungu huwa ni dhuluma. Katika hili Lyotard ana haki. Lakini anayesema kwamba yote ni masimulizi tu naye anadhulumu, kwa kuwa maiti si matini. Waliozama walikuwa watu, na idadi yao haitegemei mfasiri.

Je, fasihi yetu ina la kusema? Inalo. Ayubu ni wa Biblia, ni wa Kurani, na kwa Utendi wa Ayubu amekuwa pia wa Waswahili. Katika Biblia anamhoji Mungu waziwazi. Katika mapokeo ya Kiislamu anasifiwa kwa subira. Mapokeo haya mawili hayasemi jambo moja, wala hapana haja ya kuyalazimisha yafanane. Yote mawili yanamweka mbele yetu mtu anayeteseka, ambaye hatuna ruhusa ya kumfanya mfano wa hoja.

Kwa hiyo teolojia na ijifunze kwa usasaleo kunyamaza kabla ya kueleza. Usasaleo nao na ujifunze kwa wafiwa wa Mtongwe kwamba yako mambo yanayodai ushahidi, si tafsiri.