Mizozo ya kazi katika vyuo vikuu vya umma (Kenya)
Mizozo ya kazi katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya huhusu hasa mishahara, marupurupu na utekelezaji wa mikataba ya pamoja. Chama cha wahadhiri, UASU, kilinyimwa usajili miaka ya 1990 chini ya Rais Daniel arap Moi, kikasajiliwa mwaka 2003. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inalinda haki ya kugoma. Mazungumzo yakikwama, shauri huweza kufikishwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Manaibu chansela wanaoongoza vyuo hivyo, wakiwa maafisa wa umma, wanabanwa na Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025, uliotokana na malimbikizo ya malipo, ulidumu siku 49.