Darasa la Kwanza na Lugha Yake

Historia ya sharika za Kilimanjaro mara nyingi huandikwa kwa majina ya wachungaji na kwa miaka ya ujenzi wa makanisa. Lakini kanisa la mawe lilitanguliwa na banda la shule, na kabla ya kuwapo mzee wa usharika alikwisha kuwapo mwalimu. Yafaa basi, katika kitabu hiki cha jubilei ya miaka 100, kuuliza jambo linaloonekana dogo: mtoto aliyeketi katika darasa la kwanza alifundishwa nini, na kwa lugha gani?

Isidhaniwe kwamba kabla ya kuja kwa misheni watoto wa Kichagga hawakufundishwa. Nyumbani mtoto alijifunza kukata majani ya ng'ombe, kuutunza mgomba, kuujua mfereji na zamu yake ya maji, na kuwaheshimu wakubwa. Vijana waliotiwa jando walifundishwa kwa mregho, yaani fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikikumbusha fundisho lake. Mchungaji Bruno Gutmann aliyakusanya mafundisho ya jando katika vitabu 3 vilivyochapishwa Ujerumani kati ya 1932 na 1938. Naye Otto Raum, mtoto wa mmisionari, akaandika kitabu juu ya malezi ya watoto wa Kichagga, kilichotoka mwaka 1940. Ni jambo la kushangaza kidogo: Wakristo wa kwanza waliambiwa kuliacha jando, na leo atakaye kujua yaliyofundishwa humo hana budi kuyatafuta katika vitabu vilivyoandikwa na watu wa misheni.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakaendelea Mamba mwaka 1894 na Moshi ya Kale mwaka 1896. Waanglikana waliokuwa Moshi tangu 1885 walikwisha kuondoka mwaka 1892. Kila kituo kilipoanzishwa, shule haikuchelewa. Masomo yake hayakuwa mengi: kusoma, kuandika, kuhesabu, nyimbo, hadithi za Biblia na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Mwanafunzi aliandika juu ya kibao cha mawe, akafuta, akaandika tena. Hakukuwa na mpaka mkali kati ya darasa la shule na darasa la ubatizo, kwa kuwa Mlutheri alitakiwa kulisoma Neno mwenyewe. Wazazi wengine hawakufurahi, maana mtoto aliyeketi shuleni asubuhi hakuwa malishoni.

Hapo ndipo lilipotokea suala la lugha. Serikali ya Kijerumani ilitumia Kiswahili katika utawala na katika shule zake, kama ile ya Tanga. Wamisionari wa Leipzig walichagua njia nyingine. Walishika fundisho kwamba Injili haina budi kumfikia mtu katika lugha aliyonyonya kwa mama yake, wakatunga vitabu vya kusomea, nyimbo na katekisimo kwa Kichagga. Lakini Kichagga si kimoja. Kitabu cha Kimachame hakikuwa chepesi kwa mtoto wa Moshi ya Kale, na cha Kimochi kilikuwa kigeni kwa mtoto wa Rombo. Gutmann aliitetea lugha ya mama kuliko wote, na Agano Jipya alilotafsiri kwa Kimochi likachapishwa mwaka 1939.

Nani alikuwa na haki? Gutmann aliona sawasawa kwamba mtoto anayesoma lugha asiyoielewa huimba herufi tu, hasomi. Asichokiona vya kutosha ni kwamba wazazi wenyewe walitaka zaidi. Walijua kwamba karani, mkalimani na mfanyabiashara wa kahawa walihitaji Kiswahili, na baadaye Kiingereza. Ombi lao halikuwa tamaa ya dunia tu, kama ilivyosemwa nyakati nyingine. Lilikuwa hesabu ya mtu mwenye watoto wengi na kihamba kimoja.

Vita Kuu ya Kwanza iliwapa heshima wale waliokuwa wakiitwa wasaidizi. Waingereza waliitwaa Moshi mwaka 1916, na mwaka 1920 wamisionari wengi wa Kijerumani waliondolewa nchini. Walimu wa Kichagga ndio walioendeleza masomo na ibada hadi Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipokuja kusaidia, na Wajerumani walipoanza kurudi kuanzia mwaka 1925. Majina ya wengi wao hayamo katika vitabu, ila katika ukoo.

Serikali ya Kiingereza ikaleta ruzuku, na ruzuku ikaja na masharti. Shule iliyotaka fedha ilipaswa kuwa na mwalimu mwenye cheti na kufuata mtaala wa serikali, na lugha yake Kiswahili. Zisizofikia kipimo hicho ziliitwa shule za vichakani. Basi, kidogo kidogo, darasa la kwanza likabadili lugha. Lazima ikubaliwe kwamba bila badiliko hilo Mchagga, Mhaya, Mbena, Msambaa na Mwiraqw wasingeweza kuketi meza moja tarehe 19 Juni 1963, makanisa 7 yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule za msingi za makanisa mikononi mwa serikali mwaka uliofuata. Washarika waliokuwa wamejitolea mawe, mbao na nguvu zao waliona majengo yakibadili mwenyewe. Wengine walinung'unika, ingawa watoto wa dini zote waliingia mlango uleule. Kanisa likabaki na kipindi cha dini na Shule ya Jumapili.

Siku hizi darasa la kwanza bado linajifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza katika shule za mchepuo huo, na baadhi ya hizo ni za kanisa lenyewe. Nyimbo za watoto wa Shule ya Jumapili ni za Kiswahili. Bibi aliyefundishwa kusoma kwa Kichagga huja ibadani na kitabu chake cha nyimbo kilichochakaa. Mjukuu aketiye kando yake ameshika Tumwabudu Mungu Wetu. Sauti ya wimbo ni ileile, nao huimba pamoja, lakini bibi akipoteza miwani yake mjukuu hawezi kumsomea.