Shirikisho Lililokosa Ridhaa: Rhodesia na Nyasaland, 1953–1963

1. Utangulizi

Asimamaye Tunduma huiona Nakonde ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Zambia. Naye ashukaye Ileje hadi Mto Songwe huitazama Malawi. Nchi hizo mbili, ambazo Mkoa wa Songwe unapakana nazo, zilikuwa kati ya 1953 na 1963 sehemu ya Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Wanyamwanga, waliogawanywa na mpaka wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890, walijikuta ndugu wa kusini wakiwa chini ya shirikisho hilo, na wa kaskazini wakiwa Tanganyika. Yatupasa kuichunguza historia hii, kwa kuwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 unalitaja shirikisho la kisiasa kuwa shabaha ya mwisho.

2. Muundo wa Serikali

Shirikisho ni utawala wa ngazi mbili, kila ngazi ikiwa na madaraka yaliyoandikwa katika katiba. Rhodesia ya Kusini, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland zilibaki kila moja na serikali yake. Ulinzi, mambo ya nje, forodha na reli vilikabidhiwa serikali kuu iliyokaa Salisbury. Ardhi, utawala wa wenyeji na elimu ya msingi ya Waafrika vikabaki kwa nchi zenyewe. Gavana Mkuu alimwakilisha Malkia. Waziri Mkuu, kwanza Godfrey Huggins na tangu 1956 Roy Welensky, alitawala maadamu alikuwa na wingi wa wabunge, kama ilivyo desturi ya London.

3. Kasoro Yake

Kwa maandishi, muundo huo haukuwa na upungufu mkubwa. Lakini bunge la kwanza lilikuwa na wajumbe 35, na kati yao Waafrika walikuwa 6 tu. Wazungu 3 waliwekwa kutetea masilahi ya Waafrika. Hali hiyo ilikuwa katika nchi ambamo Waafrika walihesabiwa kwa mamilioni, na Wazungu hawakufika laki 4. Iliundwa pia Bodi ya Mambo ya Waafrika ili kuzuia sheria za ubaguzi. Mwaka 1957 bodi hiyo ilipinga muswada wa kuongeza wabunge hadi 59, nayo serikali ya Uingereza ikauidhinisha muswada. Hapo ikadhihirika kwamba ngao ile ilikuwa ya karatasi.

Machi 1959 hali ya hatari ilitangazwa Nyasaland, na Dkt. Hastings Banda akatiwa kizuizini. Tume ya Jaji Devlin ilikiri mwaka huo huo kwamba karibu Waafrika wote wa Nyasaland walilipinga shirikisho. Tarehe 31 Desemba 1963 lilivunjwa.

4. Sauti ya Kanisa

Kanisa halikunyamaza. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland, ambalo wamisionari wake walikuwa wamefanya kazi Nyasaland tangu karne ya 19, uliwatetea Waafrika mwaka 1959. Wakosoaji walisema hayo si mambo ya madhabahuni. Lakini Rehoboamu naye alikuwa na kiti cha enzi halali; alipokataa kuwasikiliza watu kule Shekemu, makabila kumi yalimwacha (1 Wafalme 12).

5. Hitimisho

Mwaka ule ule wa 1963, tarehe 19 Juni, makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kwa hiari na kuwa KKKT. Dayosisi zikaendelea kuwa na madaraka yake, na Mkutano Mkuu ukawa na yake. Umoja wa namna hiyo hulindwa na katiba, lakini hauzaliwi na katiba. Huzaliwa na ridhaa. Basi viongozi wa Afrika Mashariki watakapoketi kuandika vifungu vya shirikisho, hapana budi kuuliza kwanza: je, Mnyamwanga wa Tunduma ameulizwa?