Kwera wa Clarke na kwera wa Weyns

Kwera wa Clarke (*Ploceus golandi*) na kwera wa Weyns (*Ploceus weynsi*) ni ndege wawili wa familia Ploceidae wanaohesabiwa kuwa na udugu wa karibu. Madume wote wana kichwa na mgongo mweusi na tumbo la manjano. Wa Weyns ana rangi ya hudhurungi ubavuni.

Kwera wa Clarke hupatikana kaunti ya Kilifi, Kenya, pekee, katika misitu ya mirihi ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Makundi hupekua wadudu vileleni mwa miti, lakini hutaga kwenye vinamasi vya msimu, jambo lililothibitishwa Dakatcha mwaka 2013 tu. Ukataji wa miti kwa mkaa na mashamba umemweka katika hatari ya kutoweka.

Wa Weyns, mkazi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hana tishio kubwa.