Kile Redio Inachokula: Vyombo vya Muziki vya Kubebeka katika Rusizi

Wilaya ya Rusizi, iliyopata jina hilo katika mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 na ambayo kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, iko kwenye pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, mahali ambapo mto Rusizi hutoka katika Ziwa Kivu na kuanza kushuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya mto uko mji wa Bukavu, uliojulikana kama Costermansville wakati wa Wabelgiji, na upande wa Rwanda, juu ya mtaa mkongwe wa Cyangugu ulio kando ya ziwa, uko mji wa biashara wa Kamembe, ambako muuzaji hubadili Kinyarwanda kwa Kiswahili au Kimashi kulingana na mteja aliyesimama mbele yake. Historia ya vyombo vya muziki vya kubebeka mahali hapa haieleweki kwa kufuata tarehe za uvumbuzi wa viwanda vya Ulaya na Asia peke yake, kwa sababu mnunuzi wa hapa alikabiliwa na maswali mawili yaliyolitangulia lile la uzuri wa sauti: chombo hiki kitakula nini, na nyimbo zake zitatoka wapi.

Chombo cha kwanza cha muziki kilichotembea na mwenyewe hakikula chochote. Ikembe, ala ndogo ya kisanduku cha mbao chenye vibamba vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba, ambayo iliingia Rwanda kutoka upande wa Kongo na kuota mizizi hasa katika maeneo ya magharibi, ilibebwa njiani na kupigwa huku mtu akitembea, jambo lisilowezekana kwa inanga, yaani zeze kubwa la ubao uliochimbwa ambalo mpigaji wake sharti aketi. Watafiti walipofika kuzinasa sauti hizo walileta mzigo mzito kuliko ala zenyewe. Mmarekani Alan Merriam, aliyefanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi mwaka 1951 na 1952 na kuandika pia kuhusu nyimbo za Wabashi wa Kivu, na Hugh Tracey, aliyezunguka Rwanda mwaka 1952, walihitaji gari na mashine za umeme ili kuhifadhi muziki ambao wapigaji wake walikuwa wakiubeba kwa mkono mmoja.

Gramafoni ya kubebeka, iliyofungwa ndani ya kasha mfano wa sanduku la safari, ilitatua suala la nguvu kwa njia ya springi: mtu alizungusha mpini, springi ikakaza, na sahani ya santuri ikazunguka mara 78 kwa dakika kwa muda wa dakika tatu hivi za kila upande. Santuri za Kiswahili zilikuwa zimepata umaarufu pwani tangu Siti binti Saad aliporekodi Mumbai mwaka 1928, lakini kwa watu wa kusini mwa Ziwa Kivu chemchemi iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa Kongo, ambako kampuni ya Ngoma ilianza kutoa santuri mjini Léopoldville mwaka 1948 na kufuatwa na nyingine kama Loningisa. Gramafoni haikumaliza betri, lakini ilimaliza sindano za chuma, ambazo zilipaswa kubadilishwa mara kwa mara zisiikwaruze sahani, na sahani zenyewe zilivunjika kama vigae. Katika nchi ya milima mikali, ambako mizigo mingi ilisafiri kichwani, hilo halikuwa tatizo dogo. Gramafoni ilibaki kuwa chombo cha watu wachache wenye mshahara.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na transista, yaani kijipande kidogo cha kukuza mkondo wa umeme kilichobuniwa Marekani mwaka 1947 na kuchukua nafasi ya taa za kioo zilizokuwa zikitumika ndani ya redio. Ukubwa wa mabadiliko hayo huonekana vizuri mtu akiitazama redio iliyouzwa Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kuanzia mwaka 1949: ilibuniwa makusudi kwa Waafrika wasio na umeme, ikapewa umbo la sufuria, na bado ilihitaji betri kubwa na ghali kwa sababu taa zake zilikuwa na njaa kali. Redio ya transista, ambayo iliingia madukani Marekani mwaka 1954 na ikatengenezwa kwa wingi nchini Japani katika miaka iliyofuata, iliridhika na betri kavu chache. Betri hizo katika Kinyarwanda huitwa amabuye, mawe ya redio, na bei yake dukani ilikuwa sehemu ya bajeti ya nyumba kama chumvi na sabuni.

Ikumbukwe kwamba umeme wenyewe haukuwa mbali. Bwawa la Rusizi la kwanza, kwenye mto huohuo wa mpakani, lilianza kuzalisha umeme mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili likafuata mwaka 1989 chini ya kampuni ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Zaire, yaani Kongo ya leo. Lakini nyaya zilipita juu ya mashamba kuelekea miji na viwanda, na hata mwaka 2009 ni takriban asilimia 6 tu ya kaya za Rwanda zilizokuwa zimeunganishwa na umeme. Kwa nusu karne, basi, maji ya Rusizi yaliendesha mitambo huku redio za vilima vilivyoyazunguka zikiendeshwa na betri za dukani. Watu walijifunza kuzibana: betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate joto na kutoa nguvu kidogo iliyobaki, na redio iliwashwa saa ya habari, ya matangazo ya vifo na ya muziki, kisha ikazimwa. Redio ya taifa ilianza kusikika kutoka Kigali karibu na uhuru wa mwaka 1962, na kwa masafa mafupi, ambayo huruka milima na mipaka, zikaja idhaa za Kiswahili za BBC, iliyoanza mwaka 1957, na Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963 na kuwa na kituo chake cha kurushia matangazo mjini Kigali kuanzia mwaka 1965. Hata hivyo msikilizaji wa redio hakuchagua wimbo, alisubiri.

Kaseti ndiyo iliyompa uwezo huo wa kuchagua. Kampuni ya Philips iliionyesha Berlin mwaka 1963, nayo ikaenea Afrika katika miaka ya 1970 ikiwa ndani ya redio kaseti, chombo kimoja chenye mpini, redio, spika na kitufe cha kurekodia. Kitufe hicho kilikuwa na maana kuliko vyote, kwa kuwa mwenye kanda tupu aliweza kuunasa wimbo uliotoka redioni na kuumiliki, na mwenye redio kaseti ya milango miwili aliweza kunakili kanda ya jirani. Kanda iliyovunjwa vijiti vyake vya ulinzi mgongoni ili isifutwe ilizibwa kwa kipande cha karatasi ikarekodiwa upya. Iliyolegea ilizungushwa kwa kalamu ya wino iliyopenya barabara katika meno ya gurudumu lake. Mota ya kuzungusha kanda ilikula betri haraka mno kuliko redio yenyewe, na betri zilipoanza kuisha sauti ya mwimbaji ilivutika na kuzama. Hapo mwenye nyumba alijua kwamba kanda imekwisha kwa juma hilo, akarudi kwenye redio, ambayo ingeendelea kwa siku kadhaa na betri zilezile. Kwa hiyo aliyechagua redio kaseti hakuanza na ukubwa wa spika, bali alifungua kwanza kifuniko cha nyuma na kuhesabu nafasi za betri: sita zilivumilika, nane zilikuwa gharama ya mtu mwenye kazi ya kudumu.

Swali la pili, la chimbuko la nyimbo, lilijibiwa na daraja la kuvukia Bukavu. Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa Gisenyi mwezi Septemba mwaka 1976 na Burundi, Rwanda na Zaire, ilirahisisha safari za wenyeji wa mipakani, na Bukavu ilikuwa soko kubwa lililo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Cyangugu. Kanda za wanamuziki wa Kongo, Franco na Tabu Ley, zilivuka mto bila kuzungukia Kigali, zikakutana na muziki wa bendi za Rwanda kama Impala, ambao ulienea kwa njia ya redio ya taifa. Si ajabu, basi, kwamba Kilingala kiliimbwa katika baa za Kamembe na watu wasioweza kukizungumza.

Walkman ya Sony, iliyotoka Japani mwezi Julai 1979 na kuubadilisha usikilizaji wa vijana wa miji mikubwa ya dunia, haikupata nafasi kama hiyo hapa, na sababu yake haikuwa bei peke yake. Chombo kinachompa sauti mtu mmoja kwa hedifoni kilikuwa matumizi yasiyo na faida kwa betri ambazo zingeweza kuburudisha ua mzima, kinyozi na wateja wake, au meza nzima ya wanywaji wa urwagwa, pombe ya ndizi. Redio kaseti ilikuwa mali ya mtu mmoja na muziki wa watu wote waliomzunguka, na thamani yake ilipimwa hivyo.

Usikilizaji huo wa pamoja ndio ulioingiliwa na uovu. Kituo cha RTLM, kilichoanza kurusha matangazo mwezi Julai 1993, kiliwavutia vijana kwa muziki wa kisasa na mazungumzo ya kijiweni kabla ya kuwa chombo cha kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na redio ndogo za transista zilikuwapo kwenye vizuizi vya barabarani ambako watu waliuawa. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa kituo hicho, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. Miongoni mwa waliouawa walikuwa wanamuziki waliopendwa, André Sebanani wa Impala na Rodrigue Karemera, na tangu hapo kila kanda iliyobeba sauti zao ilikuwa na uzito mwingine. Wakati umati wa watu ulipokuwa umevuka Rusizi kwenda Bukavu, mwezi Agosti 1994 kulianzishwa huko Radio Agatashya, kituo cha habari za kusaidia wakimbizi na waliobaki, kilichodumu hadi vita vya mwaka 1996. Redio ileile, betri zilezile, na mtu alilazimika kujifunza upya kuziamini.

Sauti ya kidijiti ilifika kwa hatua. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani waliunda mfumo wa MP3, ambao huondoa sehemu za sauti zisizosikika kwa urahisi ili faili liwe dogo, na kifaa cha kwanza cha mkononi cha kuupiga, MPMan, kilitoka Korea Kusini mwaka 1998, kikifuatwa na iPod mwaka 2001. Katika Rusizi, hata hivyo, mrithi wa redio kaseti alikuwa redio ndogo iliyotengenezwa China, yenye tundu la flashi na la kadi ya memori, iliyoendeshwa na betri ya aina ya BL-5C, ileile ya simu nyingi za Nokia. Huu ulikuwa ubunifu wenye busara kubwa kuliko inavyosifiwa: betri hiyo ilipatikana popote simu ilipouzwa, ilichajiwa tena badala ya kutupwa, na ilitosheka na paneli ndogo ya jua juu ya paa. Jibu la swali la zamani la chakula cha redio likawa moja na la simu. Muuza kanda naye akageuka kuwa kijana mwenye kompyuta, ambaye mteja humtajia wanamuziki anaowataka, Wakongomani, Wanyarwanda au wa bongofleva, naye akamjazia kadi. Kwa kuwa dakika moja ya muziki huhitaji takriban megabaiti moja, kadi ya gigabaiti 2 hubeba nyimbo kama 500, zaidi ya kanda 30 za dakika 60.

Mnunuzi wa leo mwenye uangalifu bado huanza na betri, akiivuta nje kuona kama haijavimba na kama ni ya kutolewa au imegandishwa ndani, kisha huchomeka kadi yake mwenyewe dukani na kusikiliza kabla ya kulipa. Kadi kubwa si lazima iwe bora, kwa sababu zile zinazozidi gigabaiti 32 hupangwa kwa mfumo ambao vifaa vingi vya bei nafuu haviwezi kuusoma. Nyimbo za zamani ambazo hazikuwahi kutolewa upya zina sharti jingine: kanda ya dakika 60 huhamishiwa kwenye kompyuta kwa waya, kwa mwendo wake wa kawaida, kwa dakika 60 kamili, na kazi hiyo haifanyiki bila redio kaseti ambayo mota yake bado inazunguka sawasawa.