Nitajie mashangazi wa babu yako

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kijana mmoja alinijia baada ya Isha hapa Mombasa, karatasi mkononi. Kuna nyumba Mji wa Kale, iko kwa jina la babu wa baba yake, haijagawanywa tangu mzee afariki, na sasa amepatikana mnunuzi. "Sheikh, tupigie hesabu ya mirathi." Nikamwambia anitajie watoto wa marehemu. Wanaume wanne aliwataja bila kukwama. Nikauliza, na mabinti? Akanyamaza. "Walikuwepo, Sheikh. Waliolewa Lamu na Unguja. Hatuwajui."

Ndugu yangu, kutowajua hakuondoi haki yao. Binti hupata nusu ya fungu la kaka yake, na akifa, fungu lile huenda kwa warithi wake. Wako watu Unguja leo wana haki katika nyumba ile na hawana habari. Ukiiuza ukala peke yako, umekula mali ya watu.

Ndiyo maana Mtume wetu (s.a.w.) alituhimiza tujifunze nasaba kiasi cha kutuwezesha kuunga udugu. Hakusema tujifunze ili tutambe. Na Qur'ani, katika Surat Al-Hujurat, imetwambia makabila ni ya kujuana, na mbora ni mwenye taqwa.

Basi utaanzia wapi?

Kwanza, anza na walio hai. Keti na nyanya yako wiki hii, usingoje Idi. Karatasi nyingi zimehifadhi majina ya wanaume. Majina ya wanawake yamo vinywani mwa wanawake. Muulize nani alimzaa nani, nani alimnyonyesha nani, na nani aliolewa wapi. La kunyonyesha usilidharau, maana ndilo linalotujulisha nani ni maharimu wetu.

Pili, sikiliza majina. Waswahili wa Mombasa hujihesabu Taifa Kumi na Mbili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, wakiwemo Wamtwapa, Wakilifi, Wapate na Wafaza. Mengi ya majina haya ni ya miji. Ukiambiwa nyinyi ni Wafaza, umeshaonyeshwa njia ya kaskazini, kisiwani Pate.

Tatu, fungua sanduku la karatasi. Utakuta hati na barua kwa herufi za Kiarabu. Nyingine ukisomewa utaona ni Kiswahili kitupu. Ukikuta mwaka 1300, ni Hijria: ulianza Novemba 1882.

Nne, nenda kwenye ofisi. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa 1906, kwa hiyo uliza kwa Kadhi. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani, watu wakatakiwa kupeleka madai ya viwanja vyao. Madai hayo hutaja baba, ndugu na wakfu. Nyaraka za serikali ya kikoloni ziko Hifadhi ya Taifa, Nairobi. Na kwa kuwa pwani yetu ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, usisahau hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar, pale Kilimani.

Tano, jihadhari na majina yanayojirudia. Mjukuu hupewa jina la babu, ukawachanganya wawili ukawafanya mmoja. Linganisha na mwaka, mtaa na jina la mama.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika historia ya Wamazrui waliotawala Mombasa hadi 1837. Alifariki 1947, tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa 1995. Angesema "yote nayajua kichwani", tungekuwa na nini leo?

Sasa neno gumu. Ukichimba, huenda ukamkuta nyanya aliyekuwa mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Si zamani hivyo. Usifiche, wala usimzulie ukoo. Katika sheria yetu, mtoto aliyezaliwa na mjakazi kwa bwana wake ni huru, na anamrithi baba yake sawa na nduguze. Bilal (r.a.) alikuwa mtumwa, na sauti yake ndiyo iliyoadhini kwa Mtume. Aibu ni ya aliyedhulumu, na ya anayemfuta leo ili ukoo uonekane safi.

Yule kijana nilimrudisha bila hesabu. Nilimwambia aniletee majina ya mashangazi wa baba yake kwanza.

Nawe pia, kabla hujalala leo, andika majina manne: mama wa baba yako, mama wa mama yako, na mama zao. Palipo pengo, hapo ndipo pa kuanzia.

Allah atuunganishie jamaa zetu, awarehemu waliotutangulia, na atulinde na kula haki za watu. Amin.

Wallahu a'lam.