Kupima Mtaa, Si Jengo: Usafiri na Uendelezaji Mpya wa Dar es Salaam

Kibali cha ujenzi mjini huamua mambo mawili kwa mkupuo. Huamua kitakachosimama juu ya kiwanja, na huamua pia watu wangapi, magari mangapi na shehena kiasi gani vitapita mlangoni pake kila siku. Jambo la kwanza huchorwa, hukaguliwa na kupigwa muhuri. La pili huachwa lijipange lenyewe, na linaposhindikana lawama huiangukia barabara. Hoja ya makala hii ni kwamba Dar es Salaam inakosea kipimo: inakagua jengo mojamoja, ilhali madhara ya usafiri huzaliwa na mtaa mzima. Kosa hilo lisiporekebishwa, hakuna daraja wala njia ya juu itakayotosha katika jiji ambalo sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728.

Kariakoo ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Mitaa yake iliyonyooka na kukatana ilipimwa enzi za ukoloni kwa ajili ya nyumba za Kiswahili za chini, zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kwa wakazi waliokwenda sokoni na kazini kwa miguu. Soko Kuu lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 liliingia ndani ya mpangilio huohuo. Katika miongo iliyofuata nyumba zile zilianza kubomolewa moja baada ya nyingine kupisha maghorofa: chini maduka, juu yake stoo, juu zaidi ofisi, nyumba za kulala wageni na makazi. Sakafu ziliongezeka mara nyingi. Upana wa Mtaa wa Kongo au wa Sikukuu ulibaki uleule. Wanunuzi wa jumla huja kutoka mikoani, na wengine kutoka Kongo, Zambia na Malawi. Lori hushushia mzigo barabarani kwa kuwa viwanja vingi havikuachiwa nafasi ya kushushia ndani. Wapagazi, mikokoteni na maguta huupokea hapohapo. Wamachinga hupanga bidhaa pembezoni mwa barabara kwa sababu ndiko wateja wanakopita. Na anayetembea kwa miguu husukumwa katikati ya njia. Katika maghorofa yote hayo hakuna hata moja unaloweza kulinyooshea kidole. Mkaguzi akilipima peke yake atakuta linaongeza safari chache juu ya nyingi zilizokuwepo, na kwa kipimo hicho atakuwa na haki ya kulipitisha. Haba na haba hujaza kibaba, na katika Kariakoo kibaba kilijaa bila kosa la mtu mmoja. Huu ndio ugumu wenyewe wa suala hili, nao haumalizwi kwa kuwataka maofisa wawe wakali zaidi.

Sheria hazikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na usafiri unaweza kuwa sehemu ya tathmini hiyo. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaipa mamlaka ya upangaji uwezo wa kukubali uendelezaji, kuukataa, au kuukubali kwa masharti. Lakini tathmini hiyo ya mazingira hulenga mradi mmojammoja, kwa hiyo maghorofa ishirini ya ukubwa wa wastani yanaweza kupita pale ambapo kituo kimoja kikubwa cha biashara kingesimamishwa na kuhojiwa. Kisha kuna mgawanyo wa kazi. Halmashauri hutoa kibali. TANROADS hushughulikia barabara kuu na za mkoa. TARURA, iliyoanza mwaka 2017, hushughulikia barabara za mijini na vijijini. Wakala wa DART husimamia mabasi yaendayo haraka, yaani mwendokasi. LATRA hutoa leseni za daladala. Kila chombo kina wajibu unaoeleweka, lakini swali la kama mtaa fulani umefikia kikomo chake halina mwenyewe.

Hata tathmini ya usafiri inapofanyika, hesabu zake zinaweza kupotosha. Kazi ya kawaida ya mhandisi ni kukadiria safari kutokana na ukubwa na matumizi ya jengo, na majedwali yanayojulikana zaidi duniani kwa kazi hiyo ni ya Taasisi ya Wahandisi wa Usafirishaji ya Marekani. Takwimu zake za msingi zilikusanywa kwa sehemu kubwa katika vitongoji vya Marekani, ambako karibu kila mteja hufika na gari lake. Ukizitumia Kariakoo utakosea mara mbili: utahesabu magari ya binafsi ambayo hayaji, na utaacha maguta, bodaboda na wapagazi ambao ndio wanaoujaza mtaa. Kosa hilo halibaki kwenye karatasi. Anayeona magari peke yake atadai maegesho, na maegesho huita magari. Donald Shoup, mwanazuoni wa Los Angeles, alilithibitisha hilo kwa kina katika kitabu chake cha 2005: kumlazimisha kila mjenzi kutoa idadi fulani ya maegesho ni kuwatoza wote, hata wasio na gari, gharama ya wenye magari. London iliigeuza kanuni hiyo mwaka 2004, ikaacha kuweka kiwango cha chini cha maegesho na kuweka kikomo cha juu. Katika jiji la daladala na miguu, kama Dar es Salaam, kinachopaswa kudaiwa kwanza ni uga wa kushushia mizigo ndani ya kiwanja, na baraza pana inayopitika.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni barabara zaidi. Hoja yao haipaswi kubezwa. Njia ya juu ya Tazara iliyofunguliwa 2018 na makutano ya ngazi ya Ubungo yaliyofunguliwa 2021 yamewapa nafuu wanaopita hapo, na mitaa mingi ya jiji haina hata barabara ya kupitisha gari la wagonjwa. Lakini barabara hubadilisha ardhi iliyo kando yake. Barabara kuu ya Thika jijini Nairobi ilikamilika 2012. Mwaka 2013 kikafunguliwa kituo cha biashara cha Thika Road Mall, na 2015 kikafuata cha Garden City, huku nyumba za kupangisha zikipanda pande zote mbili. Huko Marekani, Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha mwaka 2011 kwamba jumla ya kilomita zinazosafiriwa na magari mijini huongezeka karibu sawasawa na urefu wa barabara kuu zinazojengwa. Miji yetu inatofautiana na ya Marekani, lakini msukumo ni mmoja: nafuu ya safari huipandisha thamani ardhi, na ardhi yenye thamani hujengwa. Barabara mpya ni ya lazima, ila isiyoambatana na udhibiti wa ujenzi kando yake hununua muda tu.

Ninachopendekeza ni kwamba halmashauri, kabla ya kujadili ghorofa lolote, iamue kwa kila eneo kiasi cha sakafu na shughuli ambacho mitaa, mitaro na usafiri wa umma vinaweza kubeba, kisha kila mwombaji achukue fungu lake ndani ya kikomo hicho na achangie gharama za kukipandisha. Uingereza inatufundisha hapa, hata kwa mapungufu yake. Kifungu cha 106 cha sheria yao ya mipango ya 1990 huwezesha mamlaka kuingia mkataba na mwendelezaji ili agharimie madhara ya mradi wake. Makubaliano hayo yalifaa kwa miradi mikubwa, lakini miradi midogo mingi iliongeza mzigo bila kuchangia. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kuanzishwa mwaka 2010 kwa tozo ya miundombinu inayokokotolewa kwa mita za mraba. Wao pia walilazimika kuvuka mipaka ya jengo mojamoja.

Pingamizi la mwekezaji ni kwamba tozo itampandishia mpangaji kodi. Inawezekana kwa kiasi, ingawa sehemu ya gharama humwangukia mwenye ardhi, kwa kuwa mnunuzi anayeijua tozo mapema hupunguza bei anayokubali kulipia kiwanja. Isitoshe, gharama ipo tayari: mfanyabiashara huilipa kwa lori linalosubiri nusu siku, na mama lishe kwa saa anazopoteza kwenye daladala. Pingamizi zito zaidi ni la makazi yasiyopangwa, wanakoishi wakazi wengi wa jiji na ambako vibali ni vichache. Huko kikomo cha sakafu hakitasaidia sana. Kinachohitajika ni kulinda hifadhi za njia kwa urasimishaji kabla hazijazibwa kabisa. Lakini maghorofa ya Kariakoo, Upanga, Sinza na Mikocheni yanajengwa kwenye viwanja vilivyopimwa, yakiombewa vibali, na hapo serikali haina kisingizio.

Wakati wa kuchukua hatua ni huu. Mwendokasi wa Kimara ulianza mwaka 2016 bila mpango thabiti wa kuamua nini kijengwe kuzunguka vituo vyake. Njia za Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta bado zinaweza kuwa tofauti, kwa sababu ardhi nyingi kando yake haijafikia msongamano wa Kariakoo. Halmashauri za Temeke, Kinondoni na Jiji la Dar es Salaam zikae na DART, TANROADS na TARURA, ziweke vikomo vya kila kituo hadharani, na zisitishe vibali vya maghorofa mapya ndani ya umbali wa kutembea hadi vikomo hivyo vitakapopitishwa na madiwani.